Mji, Shamba na Baiskeli: Tahakiki ya Swali Nililolitunga Mwenyewe

Swali lilikuwa hili: "Riwaya ya Kiswahili imeuchora mji na shamba kuwa ni dunia mbili zinazogongana. Jadili kauli hii kwa kutumia riwaya tatu ulizosoma. (Alama 20)." Nililitunga mimi. Nilikuwa mwalimu wa fasihi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na hata baada ya kupewa ukuu sikukubali kuacha kipindi changu cha fasihi. Kwa hiyo swali hilo lilirudi katika mitihani yetu ya ndani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wanachuo walilijua. Waliomaliza waliwaachia wanaoingia majibu yake, kama watu wanavyorithishana dawa ya kikohozi.

Jibu zuri lilikuwa na sura inayojulikana. Mwanachuo alianza na maana ya riwaya, akagusia fani na maudhui, kisha akamleta Shaaban Robert na Utubora Mkulima, akamleta Ndyanao Balisidya na Shida, akamalizia na Ben Mtobwa na Dar es Salaam Usiku. Wa kwanza anamtoa mtu mjini na kumpeleka shamba. Wa pili anamtoa mtu shamba na kumpeleka mjini. Wa tatu anabaki mjini mpaka kunakucha. Hitimisho lilikuwa moja: mji ni uozo, shamba ni utu. Jibu la namna hiyo nililipa alama 15, na mwandiko ukiwa mzuri 16.

Mwaka mmoja nilipata jibu lisilofanana na mengine. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kizaramo kutoka upande wa Chanika, mpole, ambaye darasani sikuwahi kumsikia akiinua sauti. Aliandika ukurasa mmoja na nusu tu. Alisema kwamba hawezi kuijadili kauli ile kwa sababu kwao ni Mkoa wa Dar es Salaam, lakini bibi yake analima mihogo, na usiku wakizima koroboi wanaona mwanga wa mji angani. Baba yake, aliandika, hupakia machungwa kwenye baiskeli alfajiri kuyapeleka mjini, na jioni hurudi kulala shamba. Kisha akamaliza kwa sentensi ambayo sijaisahau: "Sijui nimweke baba yangu katika dunia ipi."

Nilimpa alama 4. Kwa wino mwekundu niliandika: "Hujajibu swali. Tumia riwaya, si habari za nyumbani."

Sasa naomba msomaji anivumilie, maana ili kuihakiki alama ile inanipasa kusema habari za baiskeli.

Nilipostaafu nilihamia Ukonga. Daktari alinishauri nifanye mazoezi, na kwa kuwa magoti yangu hayapendi kutembea mwendo mrefu, nilinunua baiskeli ya Phoenix iliyokwisha tumika, nyeusi, nzito, yenye keria imara na kengele inayosikika kuliko breki zake. Wanangu walidhani mzee amerudia utoto. Mwanzoni niliishia dukani na kanisani. Kisha siku moja, badala ya kugeuka nyumbani, niliendelea kuifuata barabara inayotoka mjini. Wengi wa rika langu bado tunaiita Barabara ya Pugu, ingawa sehemu yake kubwa imepewa jina la Nyerere.

Mtu anayepita njia hiyo kwa basi huona jambo moja tu: mji usiokwisha. Maduka yamefuatana, mafundi wa milango ya vyuma, wauza mbao, vibanda vya chipsi, kanisa, msikiti, shule ya binafsi yenye picha za katuni ukutani. Basi hukimbia na macho hukimbia nalo. Baiskeli haina haraka hiyo. Tena mpanda baiskeli mwenye umri wangu hulazimika kushuka kwenye kila mwinuko na kuikokota, na katika kukokota ndipo mtu anapoona. Hatua mia mbili nyuma ya maduka yale niliona mbuzi wamefungwa kamba kwenye magugu. Niliona matuta ya matembele kandokando ya mfereji. Nikasikia mtwangio. Nilisimama kuusikiliza, kwa sababu nilidhani sauti ile niliiacha kwetu nikiwa kijana.

Tangu hapo nimezunguka sana. Nimepanda vilima vya Pugu, karibu na shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie TANU. Nimepita karibu na mnada wa ng'ombe, ambapo mifugo kutoka mikoa ya bara hufika baada ya safari ndefu, na wachungaji wenye fimbo hupishana na magari ya watu waliovaa tai. Nimesimama kando ya reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Treni ilipita kama mshale, na alipokwisha kupita, mama mmoja aliyekuwa akipalilia karibu na uzio aliinama tena kwenye jembe lake. Nimekwenda Chanika, nimekwenda Zingiziwa na Msongola, kwenye minazi, mikorosho na miembe mikubwa ambayo chini yake watoto hucheza bao kwenye mashimo ya udongo.

Yote haya yamo ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam, ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728. Ni mkoa mdogo, usiofika kilomita za mraba 1,400 za nchi kavu. Ungedhani umati huo usingeacha nafasi ya kupanda hata mchaichai. Lakini alfajiri, ukisimama njiani kuelekea mjini, utawaona wapanda baiskeli wakishuka kutoka upande wa Kisarawe wamepakia magunia ya mkaa yaliyowazidi kimo, na wengine matenga ya matunda. Kila nilipowaona nilimkumbuka baba wa yule mwanachuo. Kumbe hakuwa habari za nyumbani. Alikuwa dhamira, na mimi niliifuta kwa wino mwekundu.

Turudi basi kwenye vitabu, kwa kuwa mhakiki akijuta tu bila kusoma upya hajafanya kazi.

Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki, Utubora anaacha kazi ya ofisini Unguja na kwenda Busutamu kuwa mkulima. Nimeisoma tena mwaka huu, na bado nampenda Shaaban Robert. Lugha yake ina adabu ambayo sisi tumeipoteza. Lakini tazama alivyoipanga ramani yake. Kati ya kazi ya mjini na shamba la utu ameweka bahari. Utubora hawezi kulima asubuhi na kwenda ofisini mchana. Ni lazima achague, na uchaguzi wake ndio fundisho. Hata jina la mahali anapokwenda limetiwa sukari. Shamba hapa si kazi tu, ni tuzo ya mtu mwema.

Katika Shida, iliyotoka mwaka 1975, njia ni ileile lakini msafiri anakwenda upande wa pili. Chonya anatoka kijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na anachokipata ni hicho kilichoandikwa kwenye jalada. Balisidya aliijua Dodoma, na mtu anayetoka Dodoma kwenda Dar es Salaam hupanda gari au treni, hulala njiani au hukesha, na anaposhuka huwa hana shangazi wala jembe. Kwake umbali ni kweli. Kwa hiyo simlaumu. Nasema tu kwamba Chonya anaupita Pugu pasipo kuuona, kama abiria wote wanavyoupita.

Mtobwa, mwaka 1990, alituandikia usiku wa jiji: baa, vyumba, fedha, na wasichana wanaouza kilichobaki. Alikuwa na jicho kali. Hata hivyo mji wake hauli. Naomba nieleweke: watu wake wanakula, lakini chakula kinatoka jikoni, kama maji yanavyotoka bombani. Hatuoni mchicha ulitoka wapi. Na mchicha ulitoka karibu sana. Mto Msimbazi, unaoanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, umekuwa na bustani za mboga katika bonde lake kwa miaka mingi, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Usiku ule anaousimulia Mtobwa, kabla haujakucha, kuna mtu aliyekuwa bondeni na kopo la kumwagilia.

Hivyo ramani zote tatu zinafanana. Kuna sehemu mbili na njia kati yake, na njiani hakai mtu. Aliyeko njiani ni msafiri. Atafika au atarudi. Mtu anayeishi palepale njiani, anayelima na huku anasikia treni, hana sura katika kitabu. Sisemi kwamba hakuna mwandishi aliyemwandika popote. Nasema kwamba hakuwamo katika vitabu tulivyovichagua kufundishia, na kwamba sisi waalimu tuliviteua vile kwa sababu vilijibu swali vizuri. Kosa hilo si la waandishi. Mwandishi ana haki ya kuandika alichokiona. Ni mwalimu aliyegeuza riwaya tatu kuwa kanuni, kisha akamwadhibu mtoto kwa kuwa kwao hakukufuata kanuni.

Tena kanuni hiyo haikuwa yetu peke yetu. Serikali nayo iliamini ramani hiyohiyo. Mwaka 1972 tulihubiri Siasa ni Kilimo. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi wakakamatwa mijini na kurudishwa vijijini, kama kwamba kila mtu ana kijiji kinachomsubiri. Lakini tazama Gezaulole, kijiji cha ujamaa ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa mjini wasio na ajira walipelekwa kulima. Jina ni la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Leo Gezaulole imo katika Wilaya ya Kigamboni, ndani ya mkoa uleule wa Dar es Salaam. Waliotolewa mjini wamefuatwa na mji. Na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu waliokaa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande mwanzoni mwa mwaka 2012. Nao pia waliambiwa wanahama, na anwani yao ikabaki kuwa Dar es Salaam.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha yetu ilikuwa na hekima kabla ya sisi kuivuruga. Neno shamba lina maana mbili: ni eneo alilolima mtu, na ni upande wote ulio nje ya mji. Watu wa pwani wa zamani walikuwa na nyumba mjini na minazi shamba, na walikwenda na kurudi. Mtu aliweza kusema "nimetoka shamba" akiwa na maana kwamba ametoka kupalilia, si kwamba amezaliwa mbali. Sisi tulioenda shule ndio tuliolishikilia neno mshamba tukalifanya tusi, na tusi likishazoeleka huchora mpaka.

Siku moja, upande wa Zingiziwa, cheni yangu ilitoka. Nilikuwa nimechuchumaa, mikono imejaa grisi, mama mmoja wa makamo akatokea kwenye mihogo na jembe begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Habari za kazi?"

"Nzuri. Unatafuta kiwanja?"

"Hapana mama, natembea tu."

"Unatembea na baiskeli?" akacheka. "Wanaokuja huku wote wanatafuta kiwanja."

Akaninawisha mikono, tukazungumza. Nikamsifia mihogo yake. Akaniambia mihogo ni yake lakini ardhi si yake. Ilikuwa ya baba yake. Ndugu waliiuza kipande kwa kipande, kila msiba na kila ada ya shule na kipande chake. Aliyenunua yuko mjini, hajajenga bado, akamwomba aendelee kumtunzia kiwanja kisivamiwe. Kwa kukitunza anaruhusiwa kulima. Kuna sharti moja: asipande mti. Si mkorosho, si mnazi, si mwembe. Mihogo sawa, kunde sawa, matembele sawa. Akipanda mti wa kudumu, siku ya kudai nao utakuwa na madai yake. Kwa hiyo anapanda kile tu kinachoweza kung'olewa kwa msimu mmoja. Miembe iliyokuwa pale, aliyopanda babu yake, mingine imekatwa ili bikoni zionekane.

Alisema haya bila kulalamika, kama mtu anavyoeleza bei ya sukari. Mimi nilikaa kwenye kivuli nikihesabu. Mkulima anayelima ardhi ya baba yake kwa ruhusa ya mgeni; anayetazamiwa kuondoka siku lori la kwanza la mchanga litakapofika; ambaye hajatoka kijijini kwake hata siku moja, na bado amekwisha kuwa mtu wa mjini asiye na kiwanja. Mgongano niliowataka wanachuo waujadili ulikuwa umesimama mbele yangu na jembe. Haukuwa kati ya dunia mbili. Ulikuwa ndani ya robo eka moja, na ulihusu nani ana ruhusa ya kupanda mwembe.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, nilipomsomea sehemu ya makala haya alinipinga. Alisema riwaya si jiografia. Msanii huchagua, hukuza, hupunguza. Bila kuutenga mji na shamba, Shaaban Robert asingepata mfano wake wa utu. Hoja yake ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba sanaa huchagua. Lakini uchaguzi ukirudiwa na waandishi, ukakaririwa na waalimu, ukatahiniwa na kusahihishwa kwa miaka ishirini, huacha kuwa uchaguzi wa msanii, ukawa macho ya msomaji. Niliishi karibu na watu hawa na sikuwaona, kwa sababu vitabu nilivyovipenda vilikuwa vimekwisha nieleza kwamba hawapo. Hilo si kosa la jiografia. Ni kosa la usomaji, na msomaji alikuwa mimi.

Akaongeza kwamba mimi nami naanza kuremba: mzee na baiskeli yake, mtwangio, mihogo, kivuli cha mwembe, je, si Busutamu nyingine hiyo? Hapo alinipata. Ni kweli kwamba mtu akitoka barabara kuu yenye moshi na kuingia kwenye njia ya mchanga chini ya minazi, moyo hulainika, na anayelainika huanza kudanganya. Ndiyo maana namtaja yule mama. Hakuna aliyemlainishia chochote. Maji anayachota mbali. Zahanati iko mbali. Mchanga wa mito ya pembezoni unachimbwa kujengea nyumba za waliokuja, na kingo za mito zinaporomoka zikachukua bustani. Ukitaka kumpa tuzo ya utu kwa sababu analima, atakuuliza kama tuzo hiyo inaandikwa kwenye hati ya kiwanja.

Nimelitunga upya swali langu, ingawa hakuna wa kumtahini. Lingesema hivi: "Chagua mahali unapopajua ambapo mji na shamba vimekaa pamoja. Eleza ni nani anayelima hapo, kwa ruhusa ya nani, na ni riwaya ipi kati ya ulizosoma ingeweza kumpokea mtu huyo bila kumhamisha. Kama hakuna, eleza kwa nini." Sijui ningetoa alama ngapi. Nadhani ningesahihisha polepole zaidi.

Kuhusu zile alama 4, siwezi kuzibadili. Mwanachuo yule alifaulu kwa masomo mengine na kwenda kufundisha, na bila shaka naye amesahihisha mitihani mingi. Nimepita Chanika mara nyingi, nimepumzika kwenye mabanda yake, nimenunua machungwa yake. Kuuliza tu ningeuliza. Watu wa kule wanajuana. Najiambia kwamba nina haraka ya kurudi kabla ya jua kuwa kali. Ukweli ni kwamba naona haya, na sijui mzee wa miaka yangu anaanzaje kumwambia mtu mzima kwamba jibu lake lilikuwa sahihi.

Yule mama alinifungia mihogo mitatu kwenye keria kwa kamba ya mgomba. Nilipotaka kulipa alikataa, akasema nikija tena nimletee gazeti, lolote lile, la kufungia maandazi. Nilimpelekea. Safari ya pili niliongeza na kitabu, Utubora Mkulima, nikamwambia hicho si cha kufungia maandazi. Bado sijamuuliza amekionaje.